Karel Kryl aliimba nini hadi akaishi uhamishoni?

Mkorosho wa Mikindani: Wadau, habari za jioni. Nakaanga korosho uani huku nasikiliza Karel Kryl, Mcheki wa gitaa moja tu. Lugha siijui, ila sauti inachoma. Alikosana na nani?

Bandarini: Mkuu, na utawala wa kikomunisti wa kwao. Agosti 1968 vifaru vya Wasovieti na wenzao viliingia Chekoslovakia. Kryl, miaka 24, akatunga wimbo wa kumtuliza ndugu mdogo. Mwaka 1969 akaenda Ujerumani Magharibi, akabaki huko. Akawa mtangazaji wa Radio Free Europe, Munich, redio ya Wamarekani iliyotangazia nchi za kikomunisti. Kwao wakanakili kanda zake kimyakimya.

Mzee wa Lindi: Sisi redio ya mbao ilikaa dirishani, waya umefungwa kwenye mnazi. Najua kusikiliza kwa sikio moja.

Bandarini: Novemba 1989 alirudi kumzika mama yake, akayakuta maandamano ya kuupinga utawala huo. Desemba, Praha, akaimba wimbo wa taifa na Karel Gott, mwimbaji kipenzi cha utawala ule. (Mimi hilo linanikera bado.) Baadaye akawasema hata watawala wapya. Alifariki Munich, Machi 1994.

Mkorosho wa Mikindani: Miaka 49 tu! Asanteni. Korosho zimeungua.