Tairi ya nyuma nijaze psi ngapi nikibeba viazi Isyonje hadi Uyole?

Mwana_Isyonje
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, hasa kwa mliozoea hizi njia zetu za milimani.

Nina bodaboda ya cc 125, huu mwaka wa pili. Alfajiri napakia viazi shambani huku Isyonje, gunia moja la kilo 100, nashuka nalo mpaka Uyole. Mwanzo ni udongo, halafu lami na mteremko wote ule wa kuelekea Igawilo. Mchana nabeba abiria.

Mwezi huu tyubu ya nyuma imekatika mara mbili, na mara zote imekatikia palepale, kwenye shina la mdomo wa kujazia upepo. Si msumari, si mwiba. Mara ya pili nilikuwa kwenye kona, lami imelowa, pikipiki ikaanza kuyumba nyuma, nikapambana nayo hadi ikasimama ukingoni mwa mtaro. Nyumbani nina mtoto wa miezi mitano. Usiku ule usingizi haukuja.

Fundi pancha mmoja anasema nijaze 40 mbele na nyuma, eti ndiyo imeandikwa ubavuni mwa tairi. Mwingine anasema nipunguze ili tairi ishike kwenye tope. Mimi siku zote nabonyeza na dole gumba tu. Nifuate lipi?

Boda_Mwanjelwa
Pole sana kaka, shukuru Mungu umetoka mzima. Hilo dole gumba liache leo hii. Tairi ya nyuma ikiwa na 20 au 32, ukibonyeza utaona zote ngumu. Nunua geji yako mwenyewe ya kupimia upepo, kaa nayo kwenye boksi la spana. Za kwenye mashine za kujazia upepo zimegongwa sana, kila moja inasema lake.

Fundi_Makambako
Mdogo wangu, hiyo ya kukatikia kwenye shina naijua, nimeziba nyingi za namna hiyo. Upepo ukiwa kidogo na mzigo ukiwa mkubwa, tairi inateleza juu ya rimu kila ukivuta mafuta au ukikanyaga breki. Tyubu inaburutwa pamoja na tairi, ila mdomo wake umeshikwa na tundu la rimu. Lazima upasuke.

Kesho kabla hujawasha, inama uangalie ule mdomo. Ukiwa umelala upande badala ya kusimama wima, tairi imeshahama. Kisha tazama ile nati ndogo iliyokazwa hadi chini kwenye rimu. Ilegeze, ipandishe juu ikutane na kifuniko. Ikibanwa chini, mdomo hauwezi kulala ukakuonya, unakatwa kimyakimya.

Sasa upepo. Ile 40 ya ubavuni ni kikomo cha tairi, si kipimo cha pikipiki yako. Cha kwako kiko kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye kava la cheni au kwenye chuma kinachoshika gurudumu la nyuma. Ukijaza 40 mbele, sehemu inayogusa lami inakuwa nyembamba, na mvua ya Rungwe unaijua. Kashata (vile vinundu vya tairi) za katikati nazo zitaisha kabla ya za pembeni. Pima tairi ikiwa ya baridi, asubuhi. Ukipima Uyole baada ya mteremko utakuta imepanda. Usitoe hata kidogo, kesho utaamka na upungufu.

Lakini kuna jambo linanisumbua zaidi. Soma ubavuni, baada ya saizi ya tairi, 3.00-17, kuna namba na herufi. Ikiwa 50P, hiyo 50 maana yake tairi inabeba kilo 190 basi. Gunia 100 karibu lote liko nyuma. Uzito wako tuseme 45 unaangukia huko, na pikipiki yenyewe kama 60. Umeshafika 205. Hakuna upepo utakaokuokoa hapo.

Mwana_Isyonje
Kaka fundi, nimetoka kuangalia sasa hivi na tochi ya simu. Ni 50P kweli. Kibandiko kimefunikwa na tope gumu, nimekifuta: mbele 25, nyuma 28 nikiwa peke yangu, 32 nikiwa na abiria. Mdomo wa nyuma umelala kama umeegemea spoki.

Dereva_Kyela
Nami niulize hapohapo. Nikijaza Mbeya asubuhi kwenye baridi nikashuka Kyela kwenye joto, si itapasuka?

Fundi_Makambako
Haipasuki. Joto likipanda nyuzi 15 linaongeza kama psi 2, lakini unashuka kutoka karibu mita 1,700 hadi 500 hivi, na huko chini hewa ya nje ni nzito, inaibana tairi, geji inapungua karibu psi 2 hizohizo. Zinafutana. Ukilala Kyela, pima tena asubuhi, ujaze kwa kibandiko.

Mwana_Isyonje
Mrejesho wakuu. Nimeazima geji kwa jirani: nyuma nilikuwa na 17, mbele 31. Miezi yote hiyo nilikuwa nimegeuza mambo. Tyubu mpya imeingia, nati iko juu, nyuma 32, mbele 25. Gunia nimeligawa mara mbili, kilo 50 kila safari. Mwenye viazi alinuna, nikamwonyesha ile tyubu iliyokatika, akaishika, akaigeuza mkononi. Tumekubaliana aongeze nusu ya nauli kwa safari ya pili. Leo nimeshuka mara mbili na mvua yake, kona ya juzi nimeipita nyuma imetulia. Geji yangu naichukua Jumamosi Mwanjelwa.