Mada za hotuba za papo kwa papo kwa wanafunzi wa sekondari

Mwl_K: Wadau, nina wanafunzi 30, kila mmoja aongee dakika 2 bila maandalizi. Mada zipi haziwakwamishi?

Mdahalo: Epuka neno tupu kama "amani" au "elimu". Mwanafunzi atatoa maana yake, kisha kimya. Mpe sentensi ya kuchagua upande: "Simu ziruhusiwe darasani", "Kazi za nyumbani zifutwe", "Kushindwa hufundisha kuliko kufaulu". Andaa vikaratasi 40 hivi. Avute viwili, achague kimoja, apewe dakika 1 ya kujipanga.

Zawadi_B: Naongezea: dakika hiyo asiandike sentensi kamili, ataishia kuzisoma. Maneno matatu yanatosha, la msimamo, la sababu na la mfano. Mfano ndio unaobeba muda. Wanaomaliza kwa sekunde 40 huwa wamerundika sababu nne bila mfano hata mmoja!

Mdahalo: @Zawadi_B kabisa. Na kikaratasi kilichotumika kisirudi kwenye boksi, la sivyo wa mwisho watarudia ya wenzao.

Kipaza: Misiba na mambo ya familia ondoa. Zikibaki sekunde 30, inua kadi. Ukisema kwa sauti unamkata.