Yule dada wa maandazi kwenye Shaolin Soccer ni nani, na kwa nini China walimfuta?

Kipanga_wa_Temeke

Wakuu habari za jioni. Jumapili nilikuwa natafuta kitu cha kuangalia na mwanangu wa miaka tisa, nikamwekea Shaolin Soccer, ile filamu ya Hong Kong ya kung fu na soka ya 2001. Mimi niliiona enzi hizo kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, sauti ya mtafsiri iko juu kuliko ya filamu yenyewe. Dogo kacheka mpaka juisi imemtokea puani.

Safari hii mimi macho yalibaki kwa yule dada mwenye chunusi, anayekanda unga kwa tai chi (sanaa ya mapigano ya Kichina ya taratibu), halafu mwishoni anaingia uwanjani kukaa golini akiwa na kipara. Nikamtafuta mtandaoni: Zhao Wei. Kumbe na kuimba anaimba. Ila nikakuta pia kwamba 2021 kazi zake ziliondolewa kwenye mitandao ya China. Mtu anafutwaje? Na huko kwao alikuwa mkubwa kweli au ni wa filamu hiyo moja? Anayemjua atiririke. Natanguliza shukrani.

Mzee_Buguruni

Si ndiye Mao Doudou wa TBC huyo? Mke wangu alikuwa hagusi sufuria mpaka ile tamthilia iishe.

Binti_Mchinga

Hapana mzee wangu, aliyecheza Mao Doudou ni Hai Qing, mtu mwingine kabisa. Ile tamthilia ya Kichina ilirushwa kwa Kiswahili 2011, hata mama yangu alikuwa anabishana na wale mama wakwe kwenye runinga.

Mkuu Kipanga, umeuliza kama alikuwa mkubwa. Ngoja nikusimulie nilivyomjua mimi. Nimesoma Hefei, mkoa wa Anhui, miaka minne. Likizo za kiangazi wenzangu Wachina wanarudi kwao, mimi nauli ya kurudi Lindi sina, nabaki bwenini na mama wa zamu. Kule mwanamke wa makamo unamwita ayi, kama sisi tunavyosema mama mdogo. Pale mapokezi alikuwa na runinga ndogo pembeni ya ubao wa funguo, na bakuli la mbegu za alizeti. Kila kiangazi kituo cha Hunan kinarudia tamthilia ileile ya mwaka 1998, Huan Zhu Gege, na ayi anaiangalia kama ndiyo kwanza imetoka. Anajua maneno yote, anayasema kabla ya mhusika.

Zhao Wei humo ni Xiao Yanzi, yaani Mbayuwayu Mdogo, binti wa mtaani asiye na wazazi. Anapigwa mshale kwenye mawindo ya mfalme Qianlong, anakutwa na vitu vya rafiki yake, ambaye ndiye binti wa nje wa mfalme, na mfalme anadhani binti huyo ni yeye. Basi anaingia ikulu, hajui kusoma vizuri, hajui kuinama, viatu vya kifalme vinamwangusha, na ana macho makubwa kama ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Ayi aliniambia ilipotoka, mtaani kwao saa ya Xiao Yanzi hukuti mtoto nje. Mwaka 1999 akapata tuzo ya runinga ya China, Golden Eagle, ya mwigizaji bora wa kike, ana miaka 23.

Halafu ni wa mkoa huohuo! Kazaliwa Wuhu, mji wa kando ya mto Yangtze, 1976. Alikuwa anasomea ualimu wa chekechea, mwigizaji maarufu Gong Li akaja Wuhu kupiga filamu, yeye akapewa kijisehemu cha kupita tu. Ualimu ukaishia hapo. 1996 akaingia chuo cha filamu Beijing, darasa moja na kina Chen Kun na Huang Xiaoming, ambao nao wakawa nyota.

Sasa hilo la kipara. Kwa sisi ni kichekesho tu, ila fikiria: huyu ndiye msichana anayependwa kuliko wote nchi nzima, halafu Stephen Chow, mwongozaji na mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, anampaka chunusi na kumshushia nywele usoni, anamweka kwenye meza ya unga. Akikataliwa, machozi yanadondokea humohumo, maandazi yanakuwa ya chumvi, anafukuzwa kazi. Nyota wengi wasingekubali.

Kwangu mimi kazi yake kubwa ni Dearest ya 2014. Anacheza mwanamke wa kijijini Anhui, uso hauna hata poda, anaongea lafudhi ya kwao. Marehemu mumewe alimletea mtoto akamwambia kazaa na mwanamke mwingine, kumbe kaibwa Shenzhen. Siku wazazi wa kweli wanamchukua, yule mama anakimbia nyuma yao, na wewe unayeangalia hujui umlilie nani. Niliiona kwenye kompyuta ya mwenzangu wa chumbani, anatoka kijiji kimojawapo huko. Akasimamisha filamu katikati, akaniambia: “Mama yangu anaongea hivi hivi.” Ikampa Zhao tuzo ya Hong Kong ya mwigizaji bora 2015.

Kipanga_wa_Temeke

Dah, asante dada. Sasa hilo la kufutwa umeliruka.

Binti_Mchinga

Sijaliruka, nilikuwa natoa wali motoni.

Agosti 26, 2021 mwenzangu huyohuyo alinitumia picha WeChat (programu ya Wachina ya kutumiana ujumbe), hali siku hiyo ilikuwa hivi. Mitandao ya kuangalia video imeondoa kazi zake. Nyingine zimebaki lakini jina lake halipo kwenye orodha ya waigizaji. Ukurasa wa mashabiki wake Weibo, mtandao wa kijamii wa China, nao umefungwa. Xiao Yanzi anarukaruka kwenye kioo, ukishuka chini kwenye majina, hayupo. Hakuna ofisi iliyotangaza sababu. Wiki hiyohiyo mamlaka ya mtandao ya China ilitoa masharti ya kubana makundi ya mashabiki wa wasanii, na watu wakaunganisha nukta wanavyojua wao.

Mengine yako wazi. Yeye na mumewe walikuwa wawekezaji wakubwa, hata shamba la zabibu Ufaransa, Château Monlot, alinunua 2011. Wakataka kununua sehemu ya kampuni iliyoko soko la hisa kwa yuan bilioni 3 na ushee, huku hela yao mfukoni ni milioni 60, nyingine yote ya kukopa. Mwaka 2018 wasimamizi wa masoko ya mitaji wakawafungia miaka mitano na kuwapiga faini ya yuan 300,000 kila mmoja. Desemba 2024 aliandika Weibo kwamba waliachana kitambo.

Na si mara ya kwanza kuanguka. 2001 alipigwa picha za jarida amevaa gauni lenye mchoro wa bendera ya jeshi la Japani la enzi za vita. Aliomba radhi, lakini Desemba mwaka huo, Changsha, yuko jukwaani anaimba, mtu akapanda akamsukuma na kumpaka kinyesi. Alikuwa na miaka 25.

Dj_Chumvi

Kwenye kuimba je? Maana waigizaji wengi wanabebwa na sura.

Binti_Mchinga

Nitasema ukweli, sauti si ya kutikisa ukumbi. Nzito kidogo, ina mkwaruzo. Albamu ya kwanza ilikuja 1999, moto wa tamthilia ukiwa bado. Lakini 2001 akatoka na tamthilia nyingine, Qing Shen Shen Yu Meng Meng, Shanghai ya zamani, anacheza binti anayeimba kwenye klabu ya usiku kutafuta riziki, na wimbo mkuu kauimba mwenyewe. Ukienda KTV (vyumba vya kukodi vya karaoke) na Wachina waliozaliwa miaka ya themanini, lazima mtu auweke. Nami niliukariri kiitikio bila kujua maana, wakanishangilia kama nimeshinda uchaguzi.

Na aliongoza filamu pia, alirudi chuoni kusomea uongozaji. Filamu aliyohitimia, So Young ya 2013, iliingiza zaidi ya yuan milioni 700. Mimi sikuipenda sana, nusu ya pili imezidi machozi.

Kipanga_wa_Temeke

Nimekuelewa vizuri sana. Dogo anauliza yale maandazi yana sukari au hayana?

Binti_Mchinga

Mwambie hayana. Yanaitwa mantou: unga wa ngano, hamira, maji, unapika kwa mvuke kama dakika ishirini. Ukizima jiko usifunue papo hapo, yatanywea. Ayi alikuwa ananipa mawili asubuhi, mimi nachovya kwenye chai ya maziwa, ananiangalia kama nimechanganyikiwa.