Gereji imenirudishia Massey 165 bila stelingi pawa, sasa wanadai haikuwahi kuwa nayo

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Trekta ni Massey Ferguson 165, zile zilizotoka Coventry, Uingereza, injini ya Perkins silinda 4. Mzee aliinunua mtumba na ndiyo iliyotusomesha. Msimu wa mvua inavuta plau ya sahani 3, wakati wa mavuno inavuta tela la mahindi. Mwezi wa nane klachi ikaisha, nikaipeleka gereji moja mjini. Jina siliweki hapa, shauri bado liko serikali ya mtaa.

Kubadilisha pleti ya klachi kwenye trekta hii lazima uitenganishe katikati, injini kwake na gia boksi kwake, kwa hiyo nilijua mipira ya stelingi pawa (ile inayosaidia kugeuza usukani kwa nguvu ya oili) itafunguliwa. Trekta ikakaa pale siku tisa. Siku ya kuichukua nakaa kwenye kiti, nawasha, nageuza usukani: mzito kama umefungwa mnyororo. Nikashuka kuangalia. Pampu ya stelingi hakuna. Tanki lake la oili hakuna. Mipira ya kwenda na kurudi hakuna, silinda ya stelingi hakuna. Pale pampu inapokaa, kwenye kasha la gia za taimingi, wamefunika kwa kipande cha bati nene kilichokatwa kwa tindo, wakajaza silikoni nyekundu kuzunguka.

Fundi mkuu ananitazama usoni ananiambia: "Kaka, hizi za zamani hazikuja na pawa."

Mimi nimeikalia trekta hii tangu nikiwa darasa la sita! Na hata kama ningekuwa mgeni, chuma chenyewe kinasema. Chini ya lile bati rangi ni nyekundu safi, ina umbo la pampu, na pembeni yake kuna vumbi na oili iliyoganda miaka mingi. Matundu ya bolti za silinda yanang'aa ndani, hayana hata kutu. Bolti zilitoka wiki ile ile.

Nilipokazana, hadithi ikabadilika. Eti pampu waliitoa kwa sababu "inaiba nguvu ya lifti", yaani mikono ya nyuma inayoinua plau. Huu ni uongo wa mchana kweupe. Pampu ya lifti ya 165 iko ndani kabisa ya kasha la nyuma, imezama kwenye oili, inazungushwa na shafti ya PTO (ile inayozungusha mashine za nyuma). Ya stelingi iko mbele, inazungushwa na gia za injini. Oili yake ni yake na njia yake ni yake. Fundi wa Massey anayesema hivyo ama hajui kazi, ama anajua na ameamua kukuona mjinga.

Kilichonitoa machozi hasa ni fimbo ya stelingi. Wameunganisha vipande viwili vya bomba la maji kwa kuchomelea katikati, wakapiga rangi nyeusi juu. Nilipokwangua kwa kisu nikakuta weldingi ina mashimo, kidole kinahisi. Hiyo ndiyo inayoshika magurudumu ya mbele! Mdogo wangu alikuwa aiendeshe barabarani kilomita 30 na tela nyuma. Ingekatikia mteremkoni leo nisingekuwa naandika habari ya spea. Alipoijaribu uwanjani kwa mwendo wa konokono, gurudumu lilikanyaga kisiki, usukani ukamgeukia ghafla ukamvunja dole gumba. Nimewaonyesha picha ya eksirei, wakaniambia ajifunze kushika usukani.

Na kutafuta spea nako ni vita ya pili. Muuzaji wa kwanza kaniuzia pampu mpya kwenye boksi, "hii ni ya Massey, inakaa". Ya Massey ipi? Massey 135 ina Perkins ya silinda 3, pampu yake si hii. Na 165 zenyewe hazilingani: za mwanzo zina injini ya 203, za baadaye 212 (ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo). Yangu ni 212, namba imegongwa kwenye bloku, nilimpa hata picha. Pampu ilipofika, gia haikutani na ya injini. Kurudisha pesa hataki, anasema nimeshaifungua boksi. Mwingine alitaka nifunge pampu ya lori inayozungushwa na mkanda, achomelee kibao mbele ya injini. Nimekataa. Vyuma vya kuchomelea kwenye stelingi vimenitosha.

Ninachodai kwa gereji ni vyuma vyangu vyote, au walipie seti kamili iliyopimwa kwenye injini yangu na fimbo ambayo haijachomelewa. Wamepewa mpaka Ijumaa.

Wadau wa Babati, Karatu, Mbulu na Arusha: ukiletewa pampu ya stelingi ya 165 iliyotumika, ina alama ya patasi kwenye mfuniko wa tanki, upande wa kulia, mzee aliigonga akifungua mwaka 2004. Ni yangu, nitafute PM. Na kama una ya kuuza ya injini ya 212, tuma picha ya upande wa gia. Upande wa rangi nimeshauziwa.