Ndago katika uwanja wa ukoka: kung'oa, kupiga dawa au kufumua?

Mkazi wa Tegeta
Habari zenu, ndugu wanachama. Tangu masika yaanze, uwanja wangu umeingiliwa na majani yanayoupita ukoka kwa urefu siku tatu tu baada ya kufyekwa. Kijana anayenisaidia ameyang'oa mara mbili, nayo yamerudi mengi zaidi. Je, niendelee kung'oa, nipige dawa, au nifumue uwanja wote na kupanda upya?

Bustani Moshi
Pole sana. Kwanza chuma shina moja ulizungushe kati ya vidole. Likiwa na pembe tatu, hiyo ni ndago, ambayo kwa ukoo si nyasi. Likiwa bapa na jeupe karibu na ardhi, huku majani yametandaa pande zote, huo ni wimbi mwitu, na ukiung'oa kabla haujatoa mbegu umeumaliza.

Mkazi wa Tegeta
Pembe tatu nazihisi kabisa. Nimechimbua kidogo, nikakuta vijitunguu vya kahawia vimeungana kwa nyuzi kama shanga.

Mtunza Viwanja, Tanga
Hivyo ndivyo vilivyomshinda kijana wako, kaka. Jani likivutwa uzi hukatika, na vijitunguu vilivyokuwa vimelala huko chini huamka kila kimoja kwa wakati wake. Kufumua kwa jembe sikushauri hata kidogo, kwa sababu utavisambaza uwanja mzima. Upande wa dawa, glaifoseti itaua ndago pamoja na ukoka wako, ilhali halosalfuroni huishambulia ndago na kuuacha ukoka. Ipige ndago ikiwa na majani ya kutosha, usifyeke siku hizo, fuata kipimo cha kwenye lebo, na utarajie kurudia.

Bustani Moshi
Nakubaliana nawe kuhusu jembe. Hata hivyo, dawa hiyo haitamsaidia mwenye sangari kama mimi, kwa kuwa sangari ni nyasi halisi. Aidha, kwa kipande kidogo naona uma wa bustani unatosha: zamisha sentimita 20, chekecha udongo kwa mikono, kisha chimbua kila chipukizi kabla halijatimiza wiki tatu, maana likiachwa hutunga vijitunguu vipya.

Mkazi wa Tegeta
Nashukuru sana. Nitatumia uma karibu na baraza wanapocheza watoto, na halosalfuroni kule ukutani ambako ndago imeshafunika karibu mita nne.