Mjadala: Je, "The Encounter" ya The Twilight Zone ilistahili kurudishwa kwenye televisheni?

Mleta mada:

Wanajamvi, suala la tamthilia za zamani kuondolewa hewani kwa sababu ya maudhui yake limejadiliwa mara nyingi kwa ujumla mno, kwa hiyo naomba tulipime kwa sehemu moja tu. "The Encounter" ilitoka katika msimu wa 5, ambao ndio wa mwisho, wa mfululizo wa awali wa The Twilight Zone, tamthilia ya Marekani ya hadithi za ajabu ambayo kila sehemu yake ni hadithi inayojitegemea, na kituo cha CBS kiliionyesha tarehe 1 Mei 1964. Yalitokea malalamiko kuhusu namna ilivyowachora Wamarekani wenye asili ya Japani, na sehemu hiyo haikuwekwa miongoni mwa zile zilizouziwa vituo vingine kwa ajili ya marudio. Baadaye ilipatikana kwenye video za kununua, lakini televisheni ya Marekani haikuirudisha hadi Januari 2016, kupitia kituo cha Syfy.

Kwa ambaye hajaiona, karibu hadithi yote inatokea darini, na wahusika ni wawili tu. Fenton, mwanajeshi wa zamani aliyekimbiwa na mkewe na kupoteza kazi kwa sababu ya ulevi, anapangua takataka zake anapotokea kijana anayetafuta kibarua cha kukata majani. Anamkaribisha juu wanywe bia. Kijana anajitambulisha kwa jina la Arthur Takamori, ingawa jina alilopewa na wazazi wake ni Taro. Miongoni mwa takataka hizo kuna upanga wa ofisa wa Kijapani aliyeuawa na Fenton katika Vita vya Pili vya Dunia, na maandishi yaliyo juu yake yanaahidi kwamba upanga huo utamlipizia kisasi mwenyewe. Mlango wa dari unagoma kufunguka ilhali hauna kufuli, joto linapanda, bia zinaisha, na kila mmoja anaanza kumwaga siri zake. Fenton anakiri kwamba yule ofisa alikuwa amekwisha kujisalimisha alipomuua.

Siri ya Taro ndiyo iliyozua matatizo. Kwanza anaeleza kwa fahari kwamba baba yake, aliyekuwa msimamizi wa wajenzi Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, alikufa akijaribu kuwaonya mabaharia siku ndege za Japani ziliposhambulia. Akibanwa zaidi, anageuza maelezo na kusema kwamba baba yake alikuwa msaliti aliyezielekeza ndege hizo mahali pa kudondosha mabomu.

Huo ni uongo wa kihistoria, na tena ni uongo wenye asili inayojulikana. Mnamo Desemba 1941, Frank Knox, Waziri wa Jeshi la Majini, alirudi kutoka Hawaii na kuwaambia waandishi wa habari kwamba wasaliti wa ndani walikuwa wamefanya kazi kubwa huko, ilhali uchunguzi wa vyombo vya usalama haukuthibitisha jambo hilo. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Roosevelt alisaini Amri Namba 9066, na watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, takriban theluthi mbili yao wakiwa raia wa Marekani, wakahamishiwa katika kambi za kizuizini. Tume iliyoundwa na Bunge la nchi hiyo ilihitimisha mwaka 1983 kwamba chanzo kilikuwa ubaguzi wa rangi, taharuki ya vita na udhaifu wa viongozi. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba Taro aliigizwa na George Takei, ambaye akiwa mtoto mdogo alichukuliwa pamoja na wazazi wake, wakalazwa katika mabanda ya farasi ya Santa Anita, kisha wakapelekwa kambi ya Rohwer na baadaye Tule Lake. Uvumi uliosaidia kumfunga utotoni aliutamka yeye mwenyewe mbele ya kamera.

Pamoja na hayo yote, msimamo wangu ni kwamba sehemu hii ionyeshwe, mradi uongo huo ukanushwe waziwazi kabla haijaanza. Mwaka 1964 ilikuwa nadra kumwona mwanajeshi wa Marekani akikiri kwenye televisheni kwamba aliua mtu aliyejisalimisha. Rod Serling, mwasisi wa mfululizo huu, alikuwa amepigana na Wajapani nchini Ufilipino, na alikimbilia hadithi za ajabu baada ya wadhamini kuharibu mwaka 1956 mchezo wake uliotokana na mauaji ya Emmett Till, kijana Mmarekani mweusi aliyeuawa kwa ubaguzi wa rangi. Mwandishi wa sehemu hii ni Martin Goldsmith, lakini ujasiri wa kuiruhusu ulikuwa wa Serling.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, umeieleza hadithi vizuri lakini umeishia kabla ya mwisho wake, na mwisho huo ndio unaobomoa hoja yako. Fenton anaanguka juu ya upanga na kufa, kisha Taro anauchukua, anapiga ukelele wa vita wa Kijapani na kujirusha dirishani. Kijana ambaye muda wote amekuwa akisisitiza kwamba yeye ni Mmarekani anageuka askari wa Japani mara tu anaposhika chuma. Ujumbe unaobaki ni kwamba damu haibadiliki, na hiyo ndiyo imani iliyojaza kambi za mwaka 1942. Ukanusho wako utasahihisha sentensi moja na kuiacha imani yenyewe ikiwa imekaa palepale.

Pili, maelezo yanayotangulia filamu hayasafiri nayo. Siku hizi kipande cha dakika mbili hukatwa na kusambazwa kwa simu, na anayekipokea haoni onyo lolote. Waliolalamika walikuwa wakiisemea jamii iliyotoka kambini na kukuta nyumba na mashamba yake yamekwenda. Kuwaheshimu kwa kutorudia jambo hilo hewani si kufuta historia.

Mchangiaji wa pili:

Naongeza jambo moja kwa upande wetu. Askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Tanganyika, Kenya na Uganda walipigana na jeshi la Japani huko Burma mwaka 1944, na Mjapani wa simulizi zao alikuwa adui wa vitani. Mtazamaji wa Mwanza au Nakuru ambaye hajawahi kusikia habari za kambi za Marekani hana cha kumfanya atilie shaka ungamo la Taro. Ataliamini.

Mleta mada:

Nashukuru, ndugu zangu. Kuhusu mwisho wa hadithi, nauona tofauti kidogo. Upanga ule unawatawala wote wawili: Fenton amejaribu mara kadhaa kuutupa au kuutoa bure na hauondoki, na mlango unafunguka wenyewe baada ya wote wawili kufa. Hiyo ni njozi, na mtazamaji anajua kwamba anaangalia njozi. Nakubali kwamba katika njozi hiyo Mjapani amepewa ukelele na Mzungu amepewa majuto, na mgawanyo huo si wa bahati mbaya. Ila ungamo kuhusu Pearl Harbor ni suala tofauti kabisa, kwa sababu limetajwa kwa mahali halisi na siku halisi, na mtu anaweza kuondoka nalo akidhani amejifunza historia. Ndiyo maana nalitenga.

Hoja ya vipande vinavyosambazwa inaniunga mkono mimi zaidi. Vipande hivyo vitakuwepo iwe kituo kimeonyesha au hakikuonyesha, na kituo kikinyamaza, toleo pekee litakalomfikia mtu ni lile lisilo na maelezo. Sizungumzii maandishi ya sekunde tano ambayo hakuna anayeyasoma. Nazungumzia mazungumzo ya robo saa na mtu aliyeishi kambini au na mwanahistoria, yakifuatana na sehemu yenyewe. Na sikubali irushwe katikati ya yale marudio ya mwaka mpya ambapo sehemu nyingi huonyeshwa mfululizo, ikapita kama sehemu nyingine yoyote huku watu wakienda jikoni kuongeza chai.

Ningependa mchangiaji wa kwanza anijibu hili: kama waliofungwa kambini wenyewe wakiomba ionyeshwe kwa masharti hayo, bado angeizuia?