Kiambatisho cha MB 18 kinakataliwa ingawa mpokeaji anaruhusu MB 20

Mtunza Nyaraka

Habari za kazi, ndugu zangu. Natumia barua pepe kupitia kivinjari, na kazi yangu hunilazimu kutuma ripoti zilizoskaniwa kwa taasisi mbalimbali. Ripoti moja ya PDF ina ukubwa wa MB 18. Huduma ninayoitumia inaruhusu viambatisho vya hadi MB 25, kwa hiyo ujumbe huondoka bila tatizo, lakini baada ya muda mfupi hurudishwa ukiwa na taarifa kwamba umezidi ukubwa unaokubaliwa na seva ya mpokeaji. Msimamizi wa mifumo wa upande wa pili amenihakikishia kwamba kikomo chao ni MB 20. Nimeibana faili kwa zip, nayo imepungua kidogo mno. Tatizo liko wapi?

Jambo la pili ni kwamba nafasi katika akaunti yangu inakaribia kwisha. Ningependa kuondoa viambatisho vya zamani huku maandishi ya barua yakibaki, kwa kuwa ndiyo kumbukumbu ya makubaliano yetu. Je, inawezekana?

Fundi Seva

Wewe na msimamizi huyo nyote mko sahihi. Kinachotofautiana ni kile mnachokipima. Wewe unasoma ukubwa wa faili ikiwa kwenye diski, ilhali seva yake inapima ujumbe mzima ukiwa njiani.

Itifaki ya SMTP, yaani kanuni za kusafirisha barua pepe kati ya seva, iliyochapishwa mwaka 1982, ilikusudiwa kubeba maandishi ya kawaida, wala haikufikiria picha au PDF. Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipotayarisha kiwango cha MIME, kilichotoka mwaka 1992, hawakuibomoa njia hiyo, bali waliweka utaratibu wa kuigeuza faili ya aina yoyote iwe mfuatano wa herufi ili ipite humo humo. Mbinu inayotumika kwa viambatisho vingi huitwa Base64: kila baiti 3 za faili huandikwa kwa herufi 4, kisha huongezwa alama za mwisho wa kila mstari, na faili ikifika kwa mpokeaji hurudishwa katika hali yake ya asili. Gharama yake ni kwamba ujumbe huvimba kwa zaidi ya theluthi moja. MB 18 zako, kwa hesabu hiyo, zinabisha hodi kwenye seva ya mwenzako zikiwa zinakaribia MB 25. Wapo watoa huduma wanaotangaza kikomo wakiwa wameshaacha nafasi ya ongezeko hilo, na wapo wanaohesabu kila kitu. Ndiyo maana upande mmoja hukubali kile ambacho upande mwingine hukikataa. Mimi hugawa kikomo cha mpokeaji kwa 1.4, hivyo kwa MB 20 nisingetuma faili inayozidi MB 14.

Kuhusu zip, usishangae. Kurasa zilizoskaniwa ni picha, na kwa kawaida picha hizo zimeshabanwa ndani ya PDF, kwa hiyo zip haikuti cha kupunguza. Hali ni hiyo hiyo kwa JPEG na MP4, na hata faili za docx, ambazo kwa undani wake zenyewe ni zip. Dawa iko kwenye skana: ukishuka kutoka nukta 600 kwa inchi hadi 300, idadi ya nukta inabaki robo, kwa sababu umepunguza nusu kwa upana na nusu kwa urefu, na maandishi bado yatasomeka vizuri.

Kiungo Kwanza

Kwa nini usumbuke na hesabu hizo? Ipakie ripoti kwenye hifadhi ya mtandaoni kisha utume kiungo. Gmail yenyewe hufanya hivyo viambatisho vinapozidi MB 25: faili huwekwa kwenye Google Drive na mpokeaji hupata kiungo. Angalia tu ruhusa kabla ya kutuma. Ukichagua kwamba yeyote mwenye kiungo anaweza kuifungua, basi kila atakayetumiwa barua hiyo na mwenzako ataisoma pia.

Karani Mkongwe

Kiungo kinafaa kwa rasimu ambayo bado inarekebishwa, kwa kuwa wote husoma toleo moja. Kwa ripoti iliyokamilika nina shaka nacho, maana mwenye faili anaweza kuibadilisha au kuifuta, na mpokeaji akabaki na barua inayotaja kitu kisichokuwapo. Kiambatisho ni nakala iliyokwisha kukabidhiwa. Huo ndio uzuri wake, na ndio unaokula nafasi yako pia, kwani nakala hubaki hata kwenye folda ya barua ulizotuma, ambayo wengi hawaikumbuki wanapofanya usafi.

Ikiwa unatumia Gmail, andika has:attachment larger:10M kwenye kisanduku cha kutafutia, nawe utaona barua zote nzito, zilizoingia na zilizotoka. Kwa bahati mbaya, ukiwa kwenye kivinjari huwezi kuondoa kiambatisho peke yake. Utafuta ujumbe mzima au utauacha. Njia iliyopo ni kuiunganisha akaunti na programu kama Thunderbird kwa kutumia IMAP, yaani itifaki ya kusoma barua zikiwa bado kwenye seva. Programu hiyo huweza kukitoa kiambatisho, kukihifadhi kwenye kompyuta na kuyaacha maandishi mahali pake. Kwa kweli programu huweka ujumbe mpya usio na faili na kuufuta wa awali, kwa hiyo hakikisha ule wa awali umeingia kwenye Tupio wala haukubaki kwenye folda ya barua zote. Nafasi haitarudi mpaka ulimwage Tupio au zipite siku 30. Barua zenye saini ya kidijitali usiziguse kabisa, kwa sababu ukishaondoa faili saini haitathibitika tena.

Mtunza Nyaraka

Nashukuru sana. Nimeiskani upya kwa nukta 300, faili imeshuka chini ya MB 14 na imepokelewa. Zile za saini nitazitenga kwenye folda yake kabla sijaanza kuondoa chochote.